Kisogo cha Kaisari

Kila Jumamosi nikifika kwenye meza ya yule mzee pale sokoni Leicester, kazi yangu ya kwanza ni kuzilaza sarafu zake za Roma ya kale kifudifudi. Yeye huzipanga kwa nyuso: Kaisari huyu, Kaisari yule, karibu wote wamekaza shingo wakitazama kulia. Mimi huzipindua moja moja mpaka trei nzima ibaki migongo mitupu. Zamani alikuwa akinung'unika. Siku hizi hunisogezea kigoda.

"Wenzako wananunua uso, wewe unanunua kisogo," aliniambia siku tuliyojuana, kwa Kiswahili cha Kisumu, mji aliozaliwa kabla wazazi wake hawajahamia Uingereza. "Hiyo biashara ya wapi, kijana?"

"Ya Tanga, mzee," nikamjibu.

Na ndivyo ilivyo. Nimekulia Tanga enzi ambazo sarafu zetu zote zilikuwa na uso mmoja, wa Mwalimu. Uso haukukuambia umeshika kiasi gani. Ukigeuza ndipo unapata habari: samaki ni senti 5, mbuni senti 20, sungura senti 50, mkono ulioshika mwenge ni shilingi. Bibi yangu mzaa baba hakukaa darasani hata siku moja, lakini hakuna muuza duka aliyeweza kumpunja chenji. "Nimekupa sungura, usinirudishie samaki," alikuwa akisema, na kiganja chake kimebaki wazi juu ya kaunta mpaka haki yake itimie. Kwa bibi, na kwangu mimi niliyeshika upindo wa kanga yake, pesa ilikuwa ni upande wa nyuma.

Miaka mingi baadaye, nikitoka zamu ya usiku katika mji ambao Warumi waliuita Ratae, mji wenye kipande cha ukuta wa bafu lao kilichosimama hadi leo kwa kimo cha mita 9 hivi, nilikuta trei ya vipande vya shaba vilivyokauka rangi. Nikaokota kimoja, nikakigeuza. Mbwa mwitu jike alikuwa ananyonyesha watoto wawili, na juu yake nyota mbili. Nililipa pauni 6. Sikuuliza hata Kaisari wake nani.

Nakusanya za shaba tu. Si kwa sababu ya bei peke yake, ingawa mshahara wangu una neno lake katika jambo hili. Dhahabu ya Roma ilikaa kwa wakubwa, na fedha ililipa majeshi. Mkate, divai, mafuta ya kuwashia taa na kiingilio cha bafu vililipwa kwa shaba. Yapata mwaka 23 kabla ya Kristo, Kaisari Augustus alipanga mfumo huo upya: sesterti 4 zikawa dinari 1, dupondi 2 zikawa sesterti, asi 2 zikawa dupondi, na kila asi ikagawika kwadranti 4. Sesterti na dupondi zilikuwa za shaba iliyochanganywa na zinki, njano kama dhahabu zikiwa mpya. Asi ilikuwa shaba nyekundu. Hiyo ndiyo iliyokuwa pesa ya watu kama bibi.

Halafu kuna namna zilivyotengenezwa. Chapa ya uso wa Kaisari ilikazwa chini, kwenye fuawe. Kipande cha shaba kikawekwa juu yake. Chapa ya mgongo ilishikwa kwa mkono, na nyundo ikashuka juu ya hiyo. Kwa hiyo mgongo ndio uliopokea pigo lote. Chapa za mgongo zilipasuka na kuchakaa mapema, na mafundi wakawa wanachonga mpya kila mara. Ndiyo maana ukipanga sarafu 10 za Kaisari mmoja, uso unajirudia lakini migongo inatofautiana: hapa mkono umenyanyuliwa zaidi, pale fundi amebanwa na nafasi akaifinya herufi ya mwisho. Ukitazama kwa makini unamwona mtu aliyekuwa na haraka.

(Kwetu pwani mafundi walikuwa na njia nyingine. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hazina picha. Mbele kuna jina la sultani, nyuma kuna maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Kisogo kinauitikia uso kama mshororo unavyouitikia mwenzake. Watu waliokuwa na masikio ya mashairi walifanya pesa yao iwe beti.)

Kosa langu kubwa nililifanya mwezi wa pili tu. Nyumbani sinia la shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ung'ae, na mkono wangu haukujua njia nyingine. Nilinunua sarafu nzito yenye ngozi ya kijani kibichi, laini kama jani la mgomba, na mwanamke ameketi nyuma yake. Nikakamua ndimu kwenye bakuli nikaitumbukiza usiku kucha. Asubuhi nilikuta kitu cha rangi ya ufizi. Ile kijani haikuwa uchafu. Ilikuwa ngozi ambayo shaba imejivika kwa karne nyingi ardhini, na mistari yote ya vazi la yule mwanamke ilikuwa imeandikwa kwenye ngozi hiyo, si chini yake. Nilichobakiwa nacho ni kivuli chake. Ninacho hadi leo, ndani ya bahasha, na sikiuzi wala sikitupi.

Sasa natumia maji yasiyo na chumvi, yale ya kujazia betri za magari. Sarafu inalala humo kwa wiki kadhaa, namwaga, najaza mengine, namwaga. Kisha kijiti cha meno chini ya lenzi, punje kwa punje, mkono ukichoka naacha. Kitu pekee kinachonitia hofu ni unga wa kijani mpauko unaochomoza kama ukurutu. Huo ni ugonjwa wa shaba: chumvi ya ardhini inaila sarafu kutoka ndani, na hewa yenye unyevu huuongeza kasi. Ukiuona, itenge sarafu hiyo na wenzake siku hiyohiyo.

Niwaambie kuhusu kifaru.

Ni kwadranti, sarafu ndogo kabisa ya Roma, ukubwa wake kama ukucha wa kidole gumba. Kaisari Domitian aliitoa miaka ya 84 na 85 hivi. Haina uso wa Kaisari kabisa. Upande mmoja una herufi kubwa S na C, za amri ya Seneti, zikizungukwa na jina lake, na upande wa pili yuko kifaru peke yake. Yangu imelika sana, lakini ukiiegemeza kwenye mwanga wa dirisha unaona mgongo ulionyanyuka, kichwa kilichoinama, na juu ya pua vijiti viwili. Pembe mbili. Kifaru wa India ana pembe moja. Huyu ni wa Afrika, na fundi wa Roma alijua, kwa sababu mji mzima ulimwona: mshairi Martial, aliyeandika juu ya michezo ya Colosseum, uwanja uliofunguliwa mwaka 80, anasimulia kifaru aliyemrusha dubu juu kwa pembe zake mbili.

Katika karne hiyohiyo, mfanyabiashara Mgiriki wa Misri aliandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, ule unaoitwa Periplus. Anataja pwani ya Azania, na bandari ya mwisho, Rhapta, ambayo wataalamu wengi wanaiweka mahali fulani kwenye pwani yetu ya Tanzania. Anaorodhesha vitu vilivyotoka huko: pembe za ndovu kwa wingi, magamba ya kasa, na pembe za kifaru. Vilivyoletwa ni mikuki, mashoka, visu, sindano za kutobolea na vitu vya kioo. Sarafu hazimo katika orodha hiyo. Sidai kwamba kifaru wangu alitoka Azania. Roma ilikuwa na njia nyingine za kupata wanyama, kupitia Misri na Nubia. Lakini mtu aliyeishika kwadranti hii akanunulia kitu sokoni angeweza kukutana, mitaa miwili mbele, na pembe iliyosafiri kutoka upande niliozaliwa mimi. Nilipoliunganisha hilo kichwani nilikuwa kwenye basi namba yangu ya kila siku, na nilipitiliza kituo.

Sesterti za karne ya kwanza na ya pili ndizo kubwa, gramu 25 hivi, upana wa kujaza kiganja, na juu yake mafundi walikuwa na uwanja wa kusema jambo zima. Nyingi ni ghali kuliko uwezo wangu na nyingine nimeziona kwa picha tu. Iliyo kilele kwangu ni ya Nerva, mwaka 97. Nyuma kuna nyumbu wawili wanachunga. Nyuma yao gari lao limewekwa chini, mikono yake imeelekea juu. Hakuna mungu, askari wala farasi wa vita. Maandishi yanasema wajibu wa usafirishaji umeondolewa Italia. Maana yake ni kwamba miji ya njiani ilikuwa inalazimishwa kutoa wanyama na magari kwa wajumbe wa serikali, na Nerva akaitua miji ya Italia mzigo huo. Angeweza kujichora juu ya kiti cha enzi watu wamempigia magoti. Akachora nyumbu wamefunguliwa nira. Mtu aliyewahi kunyang'anywa punda wake na mjumbe mwenye barua ya serikali hakuhitaji kujua kusoma ili aielewe pesa ile.

Ya Hadrian, miaka 20 na kidogo baadaye, ina moto. Mtumishi wa serikali ameshika mwenge, anachoma rundo la hati za madeni ya kodi. Maandishi yanataja kiasi: sesterti milioni 900 zimefutwa. Nimefikiria sana sarafu hiyo. Deni linatangazwa limekufa kwa njia ya pesa yenyewe, kila mlipa kodi akipewa tangazo lake mkononi. Ukitaka kujua utawala fulani ulitaka kukumbukwa kwa lipi, acha uso uliochongwa ukapendeza, geuza.

Karne ya tatu fedha ilipokwisha nguvu, wanyama walirudi. Mwaka 248 Roma ilitimiza miaka 1000 kwa hesabu yao wenyewe, na Kaisari Philip, aliyezaliwa Shamu na kuitwa Mwarabu, akafanya michezo mikubwa. Simba, swala na kulungu wakapita kwenye sarafu, na nyuma ya sarafu za mkewe Otacilia Severa akatokea kiboko, amesimama na mdomo wake mzito kana kwamba ametoka majini sasa hivi. Kiboko huyo sina. Nina swala wa Gallienus, wa mwaka 267 au 268, miaka ambayo baba yake, Valerian, alikuwa ameshatekwa na Waajemi, na majimbo yanajikatia njia zao. Gallienus alitoa mfululizo wa sarafu za kuomba ulinzi, kila mungu na mnyama wake: Diana na swala au kulungu, Liber na chui, Jua na farasi mwenye mbawa. Sarafu hizo ziliitwa za fedha, lakini ni shaba iliyopakwa fedha nyembamba ambayo kwenye yangu imebaki nyuma ya sikio la swala tu. "Kwa Diana, mlinzi wa Kaisari," yanasema maandishi. Mwaka 268 Kaisari akauawa.

Kuhusu za bandia, nitasema kwa ufupi. Tazama ukingo kwanza: sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huacha mshono, na uso wake huwa na vitundu kama ngozi ya chungwa. Sesterti chakavu nazo huchongwachongwa upya ili nywele na nguo zionekane, na hiyo inauma zaidi, kwa sababu sarafu ni ya kweli ila anayesema siye tena. Niliwahi kuuziwa moja ya namna hiyo, na kilichonipotea si pauni 40 tu.

Na uliza ilipotoka. Mzee wangu wa Kisumu hugoma kununua sarafu zisizo na historia, na nimejifunza kwake. Sheria ya hapa Uingereza ya mwaka 1996 inataka anayekuta sarafu 10 au zaidi za shaba za zaidi ya miaka 300 zilizofukiwa pamoja aripoti. Karibu na Frome, Somerset, mwaka 2010, mtu mwenye chombo cha kutafutia madini aligundua mdomo wa chungu, akaacha kuchimba, akawaita wataalamu. Ndani kulikuwa na sarafu 52,503. Kwa sababu zilitolewa tabaka kwa tabaka, waliona kwamba sarafu za mtawala wa mwishomwisho, Carausius, nyingi zilikuwa chini kuliko za waliomtangulia. Basi chungu hakikujazwa kidogo kidogo kama kibubu. Kilimiminiwa kwa mara moja. Angezizoa kwa ndoo, habari hiyo ingekufa palepale, na nisingekuwa na hamu ya kuimiliki hata moja.

Hii niliyoiweka mezani wakati naandika ni ya Constans, mwana wa Constantine, kutoka karakana ya Trier, Ujerumani ya leo. London ilikuwa imeacha kutengeneza sarafu yapata mwaka 325, kwa hiyo shaba ya kisiwa hiki ilivuka bahari. Mwaka 348 hivi Constans na nduguye Constantius wa Pili walitoa sarafu mpya zenye maneno FEL TEMP REPARATIO, yaani neema ya nyakati imerudishwa. Chini ya maneno hayo waliweka picha kadhaa. Ipo ya Kaisari ndani ya jahazi, malaika wa ushindi ameshika usukani. Ipo ya ndege anayezaliwa upya kutoka majivuni. Iliyoenea kuliko zote ni ya askari anayemchoma mkuki mpanda farasi aliyeanguka, mkono wake mmoja umenyooshwa nyuma. Watu wa Uingereza waliiiga kwa wingi miaka ya 350, na katika trei za hapa utazikuta nakala zao, askari wa vijiti na farasi kama kiti kilichopinduka. Nazipenda. Mtu aliyechonga zile alihitaji chenji, na hakuwa na fundi wa Trier jirani.

Yangu ni ile ya kibanda. Ina milimita 20. Askari mwenye kofia ya chuma anatembea, mkuki katika mkono wa kushoto, uso umegeukia nyuma. Mkono wa kulia amemshika mtu mdogo, kichwa wazi, kimo chake hakifiki kifuani kwa askari. Mtu huyo anatolewa katika kibanda cha matawi kilichoinamiwa na mti. Kibanda kizima hakizidi punje ya kunde, na bado fundi amekichora ufito kwa ufito. Wataalamu wanabishana: wengine wanasema ni mateka, wengine wanasema ni watu wa ng'ambo ya mpaka wanaohamishiwa ndani ya himaya wakalime, wakikumbuka kwamba miaka michache kabla Constans alikuwa amepigana na Wafranki na kuwekeana nao mkataba. Waliochonga waliiona kuwa picha ya heri. Maneno yanaizunguka kama shada: neema imerudi.

Nilipiga picha nikamtumia mama, Tanga. Huwa namtumia zile nzuri, naye hunijibu kwa sauti kwenye WhatsApp, kuku wakilia nyuma yake. Safari hii alichelewa. Nilipofungua ujumbe nilimsikia akivuta pumzi.

"Mwanangu, huyu mtoto anapelekwa wapi?"

Nikamweleza yote, Constans, Trier, mateka au wahamishwa. Nikamtafsiria maandishi.

"Sisi tulipohamishwa kule Handeni, wakati wa vijiji vya ujamaa, mwaka 1974," akasema, "baba yako mkubwa alibeba mlango wa nyumba kichwani. Mimi nilibeba kuku. Bibi yako alitaka kurudi kuchukua kinu, wakamwambia muda umekwisha." Kimya kidogo. "Huyu walimwacha abebe chochote?"

Nilichukua lenzi nikaenda dirishani. Mkono mmoja wa yule mdogo umo ndani ya mkono wa askari, vidole vinahesabika. Wa pili umelika. Pale ulipokuwa shaba ni laini, inang'aa, ndipo hasa dole gumba linapotua ukiishika sarafu kuilipia kitu.